Usitafute jina, tafuta ua: nilivyomfuata babu yangu Mwingereza hadi kwenye nyua za nyumba za wageni za Kendal

Mjukuu wa Kongwa (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama. Nauandika kwa sababu kila baada ya muda lazima mtu aulize humu: "Babu yangu alikuwa Mwingereza, naanzia wapi?" Majibu huwa ni yale yale mawili: kapime vinasaba, au achana naye. Ipo njia nyingine, na mimi imenifikisha.

Mama yangu alizaliwa Kongwa, Dodoma, mwaka 1950. Baba yake alikuwa fundi wa matrekta kwenye mradi wa karanga, ule ambao serikali ya Uingereza iliuanza 1947 na kuufunga 1951, baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 30 kwenye udongo ambao ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Mradi ulipokufa mafundi walipanda meli wakarudi kwao. Bibi akabaki na mtoto mgongoni na picha moja. Nyuma ya picha kuna jina lake na neno moja tu: Kendal.

Jina la ukoo silitaji. Mama yu hai, na ndugu tuliowapata kule hawajaomba kuandikwa mtandaoni. Itoshe kusema kwamba ni jina lililojaa eneo lile kama Juma alivyojaa Tanga. Kila nilipoliandika kwenye tovuti za kumbukumbu nililetewa watu wengi wenye jina moja, umri unaokaribiana, na baba wenye majina yale yale. Miaka miwili nilizunguka na jina. Niliwahi hata kulipia cheti cha kuzaliwa cha mtu ambaye hakuwa wetu, nikakaa nacho mwezi mzima nikimwonyesha mama kwamba huyu ndiye. Siku niliyolazimika kumwambia kwamba siye, nilijifunza kitu ambacho ndicho kiini cha uzi huu: jina linadanganya, mahali hapadanganyi upesi hivyo.

Kilichonitoa gizani ni orodha za abiria. Meli zilizotoka bandari za Uingereza kwenda safari za mbali zimeacha orodha kuanzia 1890 hadi 1960, na zimehifadhiwa National Archives, Kew, London. Zinaandika umri wa abiria, kazi yake, anakoshukia, na kitu ambacho wengi hawakitazami: anwani yake ya mwisho kabla ya kupanda meli. Nilitafuta fundi mwenye jina lile aliyeandikwa kushukia Dar es Salaam mwaka 1948. Wakatoka wawili. Mmoja anwani yake ilikuwa Liverpool. Wa pili aliandikwa ua wenye namba, Stricklandgate, Kendal.

Ua? Nilidhani karani amekosea. Nani anaandika uani kuwa ndiyo anwani yake?

Naenda kuchemsha chai, naendelea.

Mama Zawadi

Nimeketi hapa. Dada usituache njiani.

Mjukuu wa Kongwa

Nimerudi.

Kendal ni mji mdogo kaskazini magharibi mwa Uingereza, pembeni mwa milima ya Lake District. Umejengwa kwa mawe ya chokaa ya kijivu, wenyeji wanauita mji mkongwe wa kijivu. Ulikuwa mji wa sufu. Kaulimbiu yake kwa Kilatini maana yake ni kwamba kitambaa ndicho mkate wangu, na kitambaa chake cha kijani kilijulikana kiasi kwamba Shakespeare alikitaja kwenye tamthilia yake ya Henry IV.

Mji una barabara kuu moja inayokwenda kaskazini hadi kusini, ikibadilisha majina njiani: Stricklandgate, Highgate, Kirkland. Mashariki kuna mto Kent, magharibi kuna kilima. Sasa ukitembea barabara hiyo, kila hatua chache unaona kati ya duka na duka kuna upenyo, mara nyingine wa upana wa mtu mmoja, mara nyingine lango la upinde. Ukiingia, unajikuta kwenye uchochoro mrefu wenye nyumba pande zote mbili, unaopanda kilimani au kushuka mtoni. Hizo ndizo nyua. Wafumaji, watia rangi, watengeneza ngozi, wote walifanya kazi na kulala humo.

Watalii huambiwa nyua zilijengwa hivyo ili kuwanasa wavamizi kutoka Scotland. Hadithi tamu, lakini umbo lake linatokana na viwanja vya zama za kati: kila mwenye kiwanja alipata kipande chembamba kinachogusa barabara na kurefuka sana kwa nyuma. Mbele anajenga nyumba yake ya biashara, nyuma anajaza vibanda, mazizi, karakana, na mji ulipokua, vyumba vya kupangisha.

Na mbele ya ua, mara nyingi sana, palikuwa na nyumba ya wageni. Hapo ndipo nyua nyingi zilipopata majina: Woolpack Yard, Elephant Yard, White Hart Yard. Nyuma ya nyumba ya wageni ya Shakespeare kulifunguliwa ukumbi wa maigizo mwaka 1829. Fleece Inn, pale Highgate, imebeba tarehe ya 1654. Jina la Woolpack lenyewe ni furushi la sufu, na lango lake lilijengwa refu ili mikokoteni iliyopakiwa sufu hadi juu ipite bila kugusa upinde. Nimesimama chini ya lango lile. Nikainua mkono, bado palibaki nafasi kubwa sana juu yangu.

Kipanga

Mkuu swali. Nyumba ya wageni si ni mahali pa kupita? Ukoo wako unawezaje kupatikana gesti?

Mjukuu wa Kongwa

Swali zuri sana kaka, na hapo ndipo na mimi nilipokwama mwanzoni.

Wageni walipita, ua ulibaki. Kabla ya reli kufika Kendal mwaka 1846, kila kitu kiliingia na kutoka kwa farasi. Nyumba ya wageni ilikuwa stendi, ghala, posta na soko kwa pamoja. Ilihitaji watunza farasi, wapishi, wafua nguo, mhunzi, mtengeneza hatamu. Hao hawakupita. Waliishi nyuma, kwenye vyumba viwili vitatu, wakazaa humo, watoto wao wakaoana na watoto wa mlango wa pili. Hata reli ilipokuja, wakulima wa vijijini waliendelea kuja sokoni Jumamosi na mikokoteni yao, na farasi alihitaji pa kusimama.

Basi hivi ndivyo nilivyorudi nyuma, ngazi kwa ngazi.

Kwanza nilimhakiki babu kwa daftari la Septemba 29, 1939. Waingereza waliandikisha watu wote wasio wanajeshi mwanzoni mwa vita, na daftari hilo linatoa tarehe kamili ya kuzaliwa. Yupo, ua ule ule, fundi mwanafunzi, na umri unalingana na orodha ya meli.

Kisha sensa ya Juni 1921, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022. Sheria yao ni kusubiri miaka 100. Sensa hiyo inataja umri kwa miaka na miezi, na inamtaja mwajiri. Babu yangu ana miezi minane. Baba yake anafanya kazi kwa Somervell Brothers, kile kiwanda cha viatu vya chapa ya K kilichoanzia mjini hapo mwaka 1842. Kumbukeni pia kwamba sensa ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, na 1941 hawakuhesabu watu kabisa kwa sababu ya vita. Ukiikosa 1921, una 1939 tu.

Kisha 1911. Wakuu, hii ndiyo iliyonitoa machozi. Kwa 1911 fomu zilizohifadhiwa ni zile zilizojazwa na mwenye nyumba kwa mkono wake mwenyewe, si nakala ya karani. Kwa hiyo niliuona mwandiko wa babu yake babu yangu. Herufi zimelala kushoto, kalamu imekandamizwa hadi wino umevimba kwenye kila mwisho wa neno. Fomu inauliza ndoa ina miaka mingapi, watoto waliozaliwa hai wangapi, walio hai wangapi, waliokufa wangapi. Kwenye watoto ameandika: 9, 6, 3. Chini, vyumba: 3. Ile 3 ya watoto ameiandika ndogo kuliko namba zote nyingine kwenye karatasi.

Mama Zawadi

Mungu awarehemu. Wanawake wa zamani walibeba mengi.

Mzee Chilonwa

Mjukuu wangu, nimesoma polepole. Mimi baba yangu alifanya kazi ya kung'oa visiki Kongwa miaka hiyo hiyo. Alikuwa akisema mashine zilikuwa zinavunjika kila siku na mafundi walilala chini yake wakiwa wamejipaka grisi hadi masikioni. Huenda alimwona babu yako. Endelea.

Mjukuu wa Kongwa

Shikamoo mzee. Umenipa kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote, nitamsomea mama jioni hii. Nitakufuata kule faragha uniambie zaidi.

Naendelea na 1881, maana hapo ndipo ua ulipofanya kazi ambayo jina lilishindwa.

Kwa 1881 nilikuwa na vijana wawili, jina moja, umri wa miaka 19, wote Kendal. Yupi wetu? Ningefuata jina ningepiga kura. Badala yake nilifanya hivi: niliacha kutafuta mtu, nikafungua kurasa za karani wa sensa na kusoma kaya zote za kila ua, mlango kwa mlango, nikiandika kwenye daftari la shule. Karani alikuwa na njia yake. Anatoka barabarani, anaingia ua, anapanda upande mmoja, anateremka upande wa pili, anatoka, anaingia ua unaofuata. Ukisoma kwa mpangilio huo unatembea naye. Angalizo kubwa hapa: namba iliyo pembeni ya kila kaya ni namba ya fomu yake, si namba ya nyumba. Wengi wanapotea hapo.

Kijana wa kwanza aliishi Kirkland na shangazi yake. Wa pili aliishi Woolpack Yard, baba yake ametajwa kuwa mtunza farasi. Milango mitatu mbele yao kuna mjane mfua nguo na binti yake wa miaka 17. Nikalitazama jina la yule binti, nikarudi kwenye fomu ya 1911, nikamwona ni yeye: mke wa yule mwenye mwandiko uliolala. Aliolewa na mtoto wa jirani. Cheti cha ndoa kilipofika, mashahidi wawili walikuwa ni watu wa ua ule ule, majina yao tayari nilikuwa nayo daftarini.

Hii ndiyo maana ya kichwa cha uzi. Watu wa nyua walihamahama, lakini walihama kwa hatua. Ukoo wetu uliishi nyua nne tofauti ndani ya miaka 60, na zote unazizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Anayetafuta jina kwenye kompyuta anaona watu wanne waliotawanyika. Anayeijua ramani anaona familia moja inayovuka barabara.

Ramani zenyewe ni bure. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka mtandaoni ramani za zamani za Ordnance Survey (idara ya ramani ya serikali yao), za Uingereza pia, unaweza kuziweka juu ya picha ya satelaiti ya leo. Za karne ya 19 zinaonyesha hadi pampu ya maji ya uani.

Kipanga

Hapo kwenye mtunza farasi, je, ulipata ametokea wapi? Maana wa hivyo huwa wamekuja mjini kutafuta riziki.

Mjukuu wa Kongwa

Umelenga kaka. Sensa ya 1881 ilisema kazaliwa Kendal, Westmorland. Nikatafuta ubatizo wake Kendal, hakuna. Vijiji vya jirani, hakuna. Miezi miwili.

Nikarudi 1841. Ile sensa ni ya kwanza yenye majina ya watu wote iliyohifadhiwa, ila ina ubahili: haitaji mahali pa kuzaliwa, inauliza tu kama mtu kazaliwa ndani ya kaunti hiyo, ndiyo au hapana. Na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida wameushusha hadi kwenye tano ya karibu, kwa hiyo mtu wa miaka 33 unamkuta ana 30. Msiwakatae watu kwa sababu ya umri wa 1841. Mtunza farasi wetu alikuwa na miaka 11, na mbele ya jina lake: hapana. Kwa hiyo sensa ya 1881 ilidanganya, au karani alichoka akadhani wote ni wa hapo.

Sensa ya 1851 ikamaliza ubishi. Kijana wa miaka 21, mtumishi wa nyumba ya wageni, kazaliwa Sedbergh, Yorkshire. Sedbergh ipo kama kilomita 16 tu kutoka Kendal! Leo yote ni Cumbria, lakini hadi 1974 Sedbergh ilihesabiwa Yorkshire na Kendal ilihesabiwa Westmorland. Mimi nilikuwa nimefunga mpaka kwenye kaunti ambayo mwenye mkokoteni hakuijali.

Na kwa nini ua ule, si mwingine? Jibu lipo kwenye vitabu vya biashara vya enzi hizo. Kwa eneo hili kipo cha Parson na White cha 1829, na vingine vilifuata. Mwishoni mwake huwa kuna orodha ya wachukuzi wa mizigo kwa mikokoteni: anakwenda mji gani, siku gani, anaondokea nyumba gani ya wageni. Mchukuzi wa kijiji fulani alikuwa na ua wake, kama mabasi ya mkoa fulani yanavyokuwa na kona yake stendi. Mtoto wa kijijini aliyetafuta kazi mjini alipanda mkokoteni wa mtu wa kwao, akashushwa uani, akaulizwa kama anaweza kupiga farasi brashi. Ukiukuta ukoo wako kwenye ua, tafuta wachukuzi wa ua huo walitoka wapi. Huenda ndiko kijiji chenu kilipo.

Msafiri wa Norwich

Dada uzi huu ni hazina. Naongezea kidogo, nipo Norwich, mashariki. Huku nako nyua ni nyingi na nyingi zilichukua jina la nyumba ya pombe iliyokuwa mbele. Baa ikibadilisha jina, ua nao unaweza kubadilika, kwa hiyo usishangae ukoo "kuhama" kwenye karatasi na kumbe hawakusogeza hata kiti.

Kama babu yako alikuwa mwenye nyumba ya wageni na si mtumishi, una bahati zaidi. Leseni za kuuza pombe zilitolewa na mahakimu, na sheria ya 1753 iliamuru madaftari yake yatunzwe, ingawa uhifadhi unatofautiana kaunti kwa kaunti. Ila baada ya sheria ya 1830 mlipa kodi yeyote aliyelipa ada ya gini 2 (zaidi kidogo ya pauni 2) aliweza kuuza bia sebuleni kwake bila kupita kwa hakimu, hivyo hao wadogo usiwategemee humo.

Ukitaka kuona ua wa nyumba ya wageni ukoje kwa macho, London ipo George Inn, Southwark. Ilijengwa upya baada ya moto wa 1676, na roshani zake za mbao bado zinatazama uani.

Mjukuu wa Kongwa

Asante sana. Niongeze la wosia, maana niliahidi mtu kule faragha. Wosia wa watu wa Kendal wa kabla ya 1858 usiutafute Kendal. Enzi hizo wosia ulithibitishwa na kanisa, nalo lililiweka eneo hilo chini ya uongozi wake wa Richmond, na leo nyaraka hizo zipo Preston, kwenye hifadhi ya Lancashire. Na kama ukoo wako walikuwa Waquaker, dhehebu la Kikristo ambalo Kendal lilikuwa na nguvu sana, usitafute ubatizo, hawakubatiza. Wana madaftari yao ya kuzaliwa, na miezi wameiita kwa namba. Kabla ya 1752 mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi.

Kipanga

Dada, nisamehe kama nitagusa kidonda. Huyu mtu alimwacha bibi yako na mtoto. Kwa nini umpe miaka yote hii?

Mjukuu wa Kongwa

Hujagusa vibaya kaka, hata mjomba aliniuliza hivyo hivyo.

Sikumtafuta ili nimsafishe. Alimwacha, na hilo limeandikwa kwenye maisha ya mama tangu shule ya msingi, kwa majina aliyoitwa. Nilimtafuta kwa sababu mama alikulia akiambiwa hana upande wa baba. Sasa anao. Ana mjane mfua nguo, ana mtunza farasi wa Sedbergh, ana mtu aliyeandika 3 ndogo. Hao hawakumkosea chochote. Walikuwa watu maskini wa uani, nyumba ya vyumba vitatu, na mama alipoisikia habari hiyo alisema, "Kumbe ni watu kama sisi." Miaka yote alidhani ni mabwana.

Kipimo cha vinasaba tulifanya mwishoni, kuthibitisha tu. Kikatupa mtoto wa binamu wa mama, mjukuu wa ndugu yake babu. Tulipomwandikia hatukumwambia "sisi ni ndugu zako" tukanyamaza. Tulimpa ua, mwaka na majina ya mashahidi wa ndoa. Alijibu siku hiyo hiyo.

Mama Zawadi

Mama anasemaje sasa?

Mjukuu wa Kongwa

Nilichapisha ramani kubwa, nikaibandika ukutani kwake Kongwa. Nimechora nyua nne kwa kalamu nyekundu. Kila mgeni akija anaonyeshwa. Wiki iliyopita aliniita, akaweka kidole kwenye ule ua wa 1911, akaniuliza, "Hawa watatu waliokufa, nao wana majina?"

Wanayo. Watoto waliozaliwa na kufa katikati ya sensa mbili hawaonekani kwenye sensa yoyote. Lakini uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza Julai 1, 1837, na faharasa ya mtandaoni ya ofisi kuu ya uandikishaji inaonyesha jina la mama kabla ya kuolewa, na kwa vifo inaonyesha umri. Kuitafuta ni bure, unafungua akaunti tu. Unaweka jina la ukoo, jina la kwao mama, wilaya ya Kendal, unasogeza mwaka mmoja mmoja. Kisha upande wa vifo unatafuta wenye umri 0, 1, 2.

Nimewapata wawili. Msichana aliyefariki 1888 na miezi isiyotimia mwaka, na mvulana wa miaka miwili, 1896. Majina yao mama ameyaandika mwenyewe kwenye ramani, kwa mkono wake, pembeni ya ua. Ameacha mstari wa tatu wazi. Leo usiku nimefika mwaka 1899.

Mwenye swali aulize, nipo.